Watoto na Filamu za Kutisha: Umri Gani, Filamu Ipi, na Kando Yake Kakaa Nani

Swali na majibu yasiyopatana

Basi la mikoani likishatoka stendi, kondakta huchomeka flashi na skrini iliyoning'inia nyuma ya dereva huwaka. Yanaweza kuwa maigizo ya kuchekesha, inaweza kuwa filamu ya ngumi, na siku nyingine huwa ni ya mchawi anayetoka kaburini usiku kuja kudai damu ya mjukuu wake. Abiria wa viti vya mbele hawana pengine pa kutazama. Mama aliyempakata mtoto wa miaka minne humfunika uso kwa kanga, lakini masikio hayafunikiki, na katika filamu za namna hii sauti ndiyo inayofanya nusu ya kazi ya kutisha. Safari ni ya saa kumi na mbili. Hakuna abiria aliyeulizwa kama anaitaka filamu hiyo, na kondakta mwenyewe akiambiwa kuna kosa atashangaa.

Majumbani mambo hayatofautiani sana. King'amuzi kina chaneli za filamu za Nigeria mchana kutwa, simu huleta vipande vya sekunde thelathini ambavyo hakuna aliyeviita, na mtaani yupo kijana anayeingiza muvi kwenye flashi bila kujali flashi imeletwa na nani. Mzazi akiuliza mtoto afikishe miaka mingapi ndipo aachiwe kutazama vitu hivi, hupata majibu manne yasiyopatana. Bodi ya filamu ina namba yake. Programu ya kutazamia filamu kwenye simu ina namba nyingine. Sheikh au mchungaji atasema filamu hizo hazimfai hata mtu mzima. Jirani atasema mwache, atazoea. Kila jibu lina ukweli wake, na ndiyo sababu mzazi hubaki njia panda.

Ninavyoona, namba ya umri ina kazi yake na haifai kutupwa. Lakini imetengenezwa kupima zaidi damu, matusi na utupu, ilhali kinachomkosesha usingizi mtoto wa Tanga au Kisumu mara nyingi ni kitu ambacho namba haikigusi: kile ambacho watu wazima wa nyumba yake wanaamini kuwa kipo kweli.

Namba zilikotoka

Wengi hudhani kwamba 13, 16 na 18 ni namba zilizotolewa na madaktari wa watoto baada ya kupima. Historia inasema vingine. Uingereza iliunda bodi yake ya kukagua filamu mwaka 1912. Baada ya Dracula na Frankenstein, zote za 1931, kuwatia watu wasiwasi, bodi ikabuni mwaka 1932 alama ya H ya kuwaonya wazazi kwamba filamu ni ya kutisha. Mwaka 1951 alama hiyo ikamezwa na X, iliyowafungia mlango walio chini ya miaka 16. Marekani ilianza mfumo wake wa madaraja mwaka 1968, na daraja la PG-13 likaongezwa 1984 kwa sababu filamu mbili za mwaka huo, Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, zilipewa daraja la kawaida la watoto wenye mwongozo wa wazazi, kisha wazazi wakatoka ukumbini wamefura kwa hasira. Kila namba ilizaliwa na ugomvi wa wakati wake, ikawekwa pale ambapo ugomvi ungetulia.

Ndiyo maana namba hizo hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1982 filamu ya E.T., ile ya kiumbe wa sayari nyingine anayefichwa na watoto kabatini, ilionyeshwa Uingereza kwa watoto wa rika zote, huku Uswidi ikiwazuia walio chini ya miaka 11. Mwaka huohuo Poltergeist, filamu ya mizuka inayomteka mtoto kupitia televisheni ya nyumbani kwao, ilipewa kwanza Marekani daraja kali. Watengenezaji wakakata rufaa, ikashushwa hadi PG. Miaka 31 baadaye The Conjuring ikapewa daraja kali Marekani ingawa haikuwa na matusi wala utupu wa kutajika. Kutisha kwenyewe ndiko kulikoipandisha. Wataalamu wenye uzoefu wa miongo, wakitazama filamu zilezile, wanafika mahali tofauti, na hakuna mwenye haki ya kuwaita wazembe. Wanalinda jamii tofauti zenye hofu tofauti.

Huku kwetu mizizi ni ya kikoloni. Wakaguzi wa filamu wa enzi hizo walikuwa na filamu walizowaachia Wazungu na kuwazuia Waafrika, kana kwamba mtu mweusi wa miaka hamsini ni mtoto anayehitaji kulindwa. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila tunapopewa orodha ya nani anaweza kuhimili nini. Sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, ilianza kutumika 1963, na ya Tanzania ni Sheria Namba 4 ya 1976. Kenya leo ina madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18, na vituo vya utangazaji vinatakiwa kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku virushe vitu vinavyofaa familia nzima.

Nguvu ya mfumo huu isidharauliwe. Mzazi anapochagua filamu hajaitazama; bodi imeitazama hadi mwisho. Udhaifu wake ni kwamba sheria zote hizi zilitungwa kwa kudhani kuna mlango: mlango wa ukumbi wa sinema wenye mkata tiketi, kasha la kanda lililobandikwa alama, saa inayojulikana ya kurusha kipindi. Netflix ilipojifungulia nchi 130 kwa siku moja Januari 2016, bodi ya Kenya ilikuja juu, na kwa mantiki ya sheria yake haikukosea, lakini mlango ulikuwa umekwishang'olewa. Flashi haina mkata tiketi.

Wa miaka minne na wa kumi na minne hawaogopi kitu kimoja

Tukiacha sheria tukageukia utafiti, kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Mtoto akikua, woga wake haupungui kwa kipimo kimoja. Unahama kutoka kitu hadi kitu. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani alitumia miaka mingi kulichunguza hili. Wazazi walimweleza kwamba watoto wao wadogo walikuwa wakiogopa mno mfululizo wa televisheni wa The Incredible Hulk, ambao kwa mkubwa si wa kutisha hata kidogo: mtu mwema anakasirika, anageuka jitu la kijani, anawaokoa wanyonge. Alipochunguza, aligundua kwamba wa umri wa chekechea walishindwa hasa na lile tendo la kugeuka. Mtu waliyemjua alikuwa anapotea mbele ya macho yao. Kwamba lile jitu linawapiga wabaya halikuwafariji, kwa sababu mtoto wa miaka minne hushika anachokiona, na kiini kilichojificha nyuma ya sura bado hajakifikia.

Jaribio jingine alilolifanya na Cynthia Hoffner linalieleza jambo hilo wazi zaidi. Watoto walionyeshwa filamu fupi ya mwanamke mzee. Ilikuwa na matoleo manne: katika mengine mwanamke ana sura ya bibi mpole, katika mengine ana sura ya kuogofya, na kwa kila sura kuna toleo analomtendea paka kwa huruma na toleo analomtendea kwa ukatili. Wakaulizwa ni mtu wa namna gani na atafanya nini baadaye. Walio kati ya miaka mitatu na mitano walimhukumu zaidi kwa sura. Wa miaka tisa na kumi walimhukumu kwa matendo yake. Wasomaji wa Mwanza na Shinyanga walikumbuke jaribio hili, maana nitalirudia.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Novemba 1983, pale televisheni ya Marekani iliporusha The Day After, filamu ya shambulio la nyuklia dhidi ya miji ya Kansas. Wengi walihofia watoto wadogo. Cantor na wenzake walipowapigia simu wazazi baada ya kipindi, ilionekana kwamba walio chini ya miaka 12 ndio walioguswa kidogo, vijana zaidi yao, na wazazi wenyewe kuliko wote. Filamu haikuwa na jitu lolote. Hofu yake ilikuwa ya kufikirika, nayo inahitaji akili iliyokomaa kiasi cha kujua mji ni nini na kufa kwa wote maana yake nini. Kwa hiyo anayesema "ameshafika kumi na tatu, sasa hatishiki" amekosea. Mtoto ametoka kwenye hofu moja akaingia nyingine.

Kuhusu madhara ya muda mrefu, utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule wa Kristen Harrison na Cantor wa 1999. Wanafunzi wa vyuo viwili vya Marekani waliulizwa kama kuna filamu au kipindi kilichowahi kuwatisha mpaka hofu ikabaki baada ya kutazama. Asilimia 90 walikuwa na cha kusimulia, na asilimia 26 walisema wasiwasi fulani ulikuwa bado haujawatoka. Takwimu hizi zinapaswa kushikwa kwa uangalifu: ni kumbukumbu za watu kuhusu utoto wao, ni wanafunzi wa chuo, na ni Marekani. Hata hivyo zinatosha kuondoa dhana kwamba mtoto akishalala yameisha.

"Asione kabisa mpaka awe mkubwa"

Msimamo wa kuzuia moja kwa moja unashikiliwa na viongozi wengi wa dini na wazazi wenye tahadhari, na sifa yake ya kwanza ni wepesi. Amri moja inaeleweka na wote, akiwemo dada wa kazi anayeachiwa watoto na rimoti kuanzia asubuhi. Sifa ya pili ni kwamba gharama ya kukosea upande huu ni ndogo: hakuna mtoto aliyedhurika kwa kutoiona The Exorcist akiwa na miaka tisa. Tena katika mazingira yetu hofu ya usiku ina bei inayolipwa hapohapo. Choo kikiwa nje, ng'ambo ya uwanja wenye giza, mtoto aliyeogopeshwa hujikaza mpaka anakojoa kitandani, kisha asubuhi anachapwa au anachekwa na wenzake kwa kosa lililofanywa na filamu.

Udhaifu wa msimamo huu uko kwenye utekelezaji. Katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kitanda cha watoto kimetenganishwa na televisheni kwa pazia. "Nenda kalale" maana yake ni kwenda kusikiliza filamu bila kuiona, na huenda hilo likawa baya zaidi, kwa kuwa mtoto hujitengenezea picha mwenyewe na hakuna anayejua katengeneza nini. Pili, kinachokatazwa hung'aa. Majaribio ya Brad Bushman huko Marekani yalionyesha kwamba onyo la ukatili likibandikwa kwenye kipindi huwavuta watu kukitaka zaidi. Kijana wa miaka 14 aliyenyimwa nyumbani atakipata kibanda umiza, banda la video la mtaani, nako atatazama katikati ya wakubwa wasiomjua, na akitishika hatakuwa na wa kumwambia, kwa sababu kumwambia mzazi ni kujishtaki. Tatu, kuweka filamu zote za kutisha kapu moja kunampotezea mzazi neno lake. Mtoto akigundua kwamba katuni ya mzimu aliyokatazwa inachekesha tu, onyo linalofuata, ambalo pengine ni la kweli, hatalisikia.

"Mwache, atazoea"

Wanaotetea kuachia wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Wanauliza: bibi zetu hawakutusimulia mazimwi yanayomeza kijiji kizima? Hadithi zetu zina mama wa kambo wanaozika watoto hai na fisi wanaooa wasichana wakaidi, na zilisimuliwa usiku, gizani, kwa watoto wa rika zote waliokusanyika. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu ngano za Ulaya, alitetea jambo linalofanana: kwamba hadithi ya kutisha humpa mtoto mahali pa kuziweka hofu ambazo tayari anazo. Na wakati wa korona, utafiti wa Coltan Scrivner, Mathias Clasen na wenzao uliona kwamba mashabiki wa filamu za kutisha walionyesha dalili chache za kuvurugika kisaikolojia kuliko wengine. Kuogopa ukiwa salama, wanasema, ni mazoezi.

Hoja ya korona haitufikishi mbali kwa swali letu, maana waliopimwa ni watu wazima waliochagua wenyewe kupenda filamu hizo. Huenda mwenye moyo mgumu ndiye anayezipenda, wala si kwamba zimemgumisha. Hoja ya mazimwi inastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayosemwa sana na ndiyo yenye ukweli mwingi.

Hadithi ya mdomo na filamu zinaweza kuwa na zimwi lilelile, lakini hazimtishi mtoto kwa njia moja. Msimulizi anawaona wasikilizaji wake. Akiona mdogo amejikunyata, hushusha sauti, humchekesha, hulifanya zimwi lijikwae, au humvuta mtoto mapajani huku hadithi inaendelea. Watoto hawakai kimya. Wanaitikia kiitikio na kuimba wimbo wa hadithi, na huo mwitiko unawarudisha kila dakika kwenye ukweli kwamba wako barazani na wenzao. Picha ya zimwi huchorwa na mtoto mwenyewe, nayo kwa kawaida huwa na ukubwa anaoumudu. Kisha hadithi inafungwa: zimwi linapasuliwa kidole, waliomezwa wanatoka, watu wanarudi kwao. Filamu haina jicho la kumtazama mtazamaji. Inamletea picha iliyokwisha kuchorwa na watu wazima waliosomea kutisha, ikaongezewa sauti iliyopimwa kumshtua asipotarajia, na mara nyingi mwisho wake unaachwa wazi, mkono ukitoka tena kaburini, ili pawe na sehemu ya pili ya kuuza.

Jambo moja la hapa kwetu linapunguza tofauti hiyo, nalo halijapewa heshima yake. Filamu zilizotafsiriwa na kusimuliwa na maDJ, kama Lufufu alivyofanya Tanzania na DJ Afro anavyofanya Kenya, au maVJ wa Uganda kwa Kiganda, zinamrudisha msimulizi kati ya picha na mtazamaji. DJ anamtania jambazi, anampa mzimu jina la mtaani, anamkemea shujaa kwa ujinga wake. Kwa mtoto wa miaka kumi utani huo unaweza kuwa kinga kubwa kuliko namba yoyote iliyobandikwa kwenye kasha. Wasomi wa filamu wanaoudharau usimulizi huo kama uharibifu wa sanaa hawajamuuliza mtoto aliyekaa mbele.

Jini wa mbali na jini wa mtaa wa pili

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mifumo iliyoagizwa kutoka nje hailioni. Mzazi wa Ulaya anapomwambia mtoto wa miaka minane "haya ni maigizo, mizimu haipo", kwa kawaida anasema anachokiamini. Hata hivyo utafiti uleule wa Cantor unaonyesha kwamba maneno hayo hayawafai wadogo, ambao hutulizwa zaidi na kukumbatiwa au kupewa kitu cha kushika. Huanza kufanya kazi mtoto anapokaribia miaka minane. Kwetu sisi maneno hayo yanakwama hata baada ya hapo, kwa sababu mwenye kuyasema mara nyingi hayaamini. Mtoto amemsikia baba akisema duka la jirani linastawi kwa chuma ulete, uchawi wa kuvuta fedha za wengine. Ameona shangazi akisomewa kisomo ili jini atoke, au ameenda kanisani akaona mapepo yakikemewa kwa jina. Akionyeshwa filamu ya Dracula, bwana mwenye koti refu katika ngome ya milimani, atashtuka kidogo na pengine atacheka. Akionyeshwa filamu ya mchawi anayeroga nyumba yenye bati na uwanja wa udongo kama nyumba yao, hana pa kukimbilia.

Watengenezaji wa filamu wa Afrika walilijua hili mapema. Biashara ya filamu za Nigeria ilipata nguvu na Living in Bondage ya 1992, ambamo mtu anamtoa mke wake kafara ili apate utajiri, na kafara hizo zikawa mtaji wa filamu zisizohesabika. Katika miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza hapa Tanzania Nsyuka na Shumileta, akachukua mizuka na majini wanaojulikana huku akaachana na makaburi ya Transylvania. Filamu za namna hii mara nyingi hazina damu nyingi wala ufundi wa kutisha wa Hollywood. Mkaguzi anayehesabu damu atazipa daraja la chini kuliko filamu ya Kimarekani ya muuaji mwenye msumeno. Kwa mtoto wa hapa uzito uko kinyume. Anayetilia shaka nguvu ya imani na akumbuke popobawa. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba ikaenea Unguja na kuvuka hadi Dar es Salaam, na watu wazima, baba na mama wa watu, wakawa wanalala nje kwa makundi kandokando ya moto. Hakukuwa na filamu. Yalitosha maneno ya mdomo. Mtoto anayelala katika jamii yenye kumbukumbu hiyo hawezi kuambiwa kwamba ni muvi tu, halafu mambo yakaishia hapo.

Tena madhara hayaishii kwenye usingizi. Hapa ndipo jaribio la bibi na paka linarudi. Mtoto mdogo humhukumu mtu kwa sura, na filamu nyingi za uchawi zinamfundisha sura ya mchawi: kikongwe mwenye mikunjo, macho mekundu, anayekaa peke yake. Katika mikoa ya kanda ya ziwa Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma hiyohiyo, na macho mekundu yakatajwa kama ushahidi, ilhali mengi yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kuni na samadi. Sisemi filamu ndiyo inayoua. Mauaji yalikuwepo kabla ya televisheni kufika huko, na chimbuko lake lina mashamba na urithi ndani yake. Nasema mtoto wa miaka mitano anayejifunza kutoka kwenye skrini kwamba bibi wa jirani ana sura ya adui amepata somo baya kuliko ndoto mbaya, na hakuna daraja la umri linalolipima somo hilo.

Kuna watakaojibu kwamba filamu hizo huishia kwa wema kushinda: mchungaji anaingia, mchawi anaungua, familia inaokoka. Kwa mtoto mkubwa mwisho huo ni faraja kweli. Kwa mdogo ni uthibitisho wa pili, kwani sasa hata mtu wa Mungu amekubali kwamba yule bibi alikuwa mchawi na alistahili moto.

Mizani

Kwa hiyo mtoto aachiwe lini? Chini ya miaka saba au minane sioni hoja ya kumwonyesha filamu ya kutisha ya aina yoyote kwa makusudi, na hapo wazuiaji wameshinda: uwezo wa kutenganisha sura na kiini haujakaa, na faida ya mazoezi haiwezi kupatikana kwa asiyejua kwamba anafanya mazoezi. Kati ya miaka minane na kumi na miwili mlango unaweza kufunguliwa kidogo, mtu mzima akiwa kando, mchana, kwa filamu zenye vitisho vya mbali, kama mijitu, sayari nyingine au ngome za Ulaya, na zile zenye msimulizi anayetania. Filamu za uchawi na majini wa nyumbani zisubiri mpaka kijana aweze kujadili anachoamini bila kuogopa kuulizwa, na kwa wengi hilo huja baada ya miaka 13 au 14, tena katika nyumba ambayo mkubwa yuko tayari kulizungumza bila kejeli. Zile za ukatili unaowezekana kabisa, utekaji, ubakaji, mateso, namba ya 18 inazifaa, kwa kuwa hapo hakuna jini wa kukanusha.

Nitaambiwa mpangilio huu unamdai mzazi muda asio nao. Anayeondoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi saa mbili usiku hawezi kukaa kando ya kila filamu, na wakubwa wanaoshika rimoti ni kaka na dada wa miaka 15. Pingamizi hilo ni la kweli, na linaongezewa uzito na utafiti unaoonyesha kwamba wazazi huukadiria chini woga wa watoto wao. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka namba zifutwe mzazi aamue yote. Namba ni sakafu kwa siku ambazo hakuna mtu wa kuamua. Na palipo na watu wasiojuana, kwenye basi, kinyozi, kibanda umiza, chumba cha kusubiri zahanati, sakafu hiyo inapaswa kuwa kali kuliko nyumbani, kwa sababu pale hakuna anayemjua mtoto na mtoto hana ruhusa ya kuondoka. Mamlaka zinazotoa leseni za mabasi na kumbi zinaweza kulidai hilo kesho bila kutunga sheria mpya.

Bodi nazo zina kazi ndogo zinayoweza kuifanya kwa gharama ndogo zaidi. Wakaguzi wao wameshaitazama filamu nzima. Wanajua kama mama anageuka mzimu, kama mtoto anauawa, kama mchawi ni kikongwe wa kijijini, kama mwisho umefungwa au umeachwa wazi. Wakiliandika hilo kwa sentensi mbili za Kiswahili chini ya namba, likaonekana kwenye king'amuzi na likasomwa hata na kijana anayeingiza muvi kwenye flashi, dada wa miaka 15 aliyeachiwa wadogo zake atakuwa na cha kuamulia ambacho 16 peke yake haikumpa.